Maagizo kwa Mpangaji wa Chini

Kwanza, Mirela, vaa suruali mbili.
Kanivali ya Köln huja na baridi yake,
na baridi ya Mto Rhine haijui sikukuu:
hupandia kisiginoni, ikakaa mgongoni kama mdai.
Vazi lako la kasuku ni zuri, kijani kimekukaa,
lakini livae juu ya koti. Juu, si chini.
Heri kasuku mnene kuliko kasuku mgonjwa.

Alhamisi, saa tano na dakika kumi na moja,
mji unakuwa wetu wanawake.
Tembea na mkasi. Wa jikoni unatosha.
Mwanamume yeyote mwenye tai,
awe mkubwa wa benki, awe mkagua tiketi,
ikate. Usiombe ruhusa.
Mpe busu la shavuni liwe stakabadhi yake,
kisha nenda zako.
Hata yule daktari wenu mkali atakuja na tai, utaona,
nyembamba, ya bei ya kutupwa.
Aijuaye siku huivalia.

Jumatatu ni gwaride.
Kanisa kuu waachie watalii.
Wewe simama kwenye kona ya Ottilie muuza vifungo,
pale magari yanapopunguza mwendo.
Beba mwavuli, hata jua likiwaka,
ufungue, uupindue uwe bakuli,
upige kelele "Kamelle!" mpaka koo likauke
na peremende zinyeshe.
Chokoleti, mfukoni papo hapo.
Za kutafuna waachie watoto.
Iliyoanguka chini usiiinamie:
vidole vyangu viwili vinaujua uzito
wa buti la mpiga tarumbeta.
Na asiyekujua akikushika mkono akayumba,
yumba naye.
Maneno ya nyimbo huyajui? Nusu ya mtaa haiyajui.
Fungua tu mdomo kwenye irabu.

Bia huja katika glasi ndogo kama ya dawa.
Usidanganyike. Mhudumu ataleta nyingine
bila kuulizwa, na nyingine,
mpaka uifunike glasi kwa kile kikadi chake.
Hilo nililijua nikiwa nimechelewa.

Sasa, habari ya tai.

Drickes wangu alikuwa na tai kumi na tisa.
Dereva wa tramu, tai za nini?
Hata harusini alikuja na skafu.
Alizinunua za mtumba, kwa kukatwa,
moja kila Alhamisi ya kanivali,
na kila mwaka alijitia hasira:
"Traudel! Ile ya hariri!"
Hariri. Ilinuka nondo.
Alipofariki zilibaki saba.
Nimemfunga kijana wa duka la mikate,
nimemfunga mtu wa posta,
mwaka ule wa mvua nilimfunga mbwa wa Ottilie,
nikakata, nikacheka, nikarudi juu.
Imebaki moja, rangi ya haradali, ina doa la supu.
Hii sitaikata.

Jumanne usiku teremka kwenye baa ya kona.
Yule mtu wa majani makavu
aliyening'inia juu ya mlango siku zote hizi
hushushwa, akashtakiwa.
Nani kamaliza mishahara yetu? Ni yeye!
Nani kambusu mume wa mtu? Ni yeye!
Paza sauti nawe, mtwike lolote
ulilolibeba kutoka kwenu Cluj;
majani hayana kinyongo.
Halafu kiberiti.

Mwaka huu shingoni atakuwa na tai ya haradali.
Nimeshasema na mwenye baa.
Na goti likiniruhusu ngazi sitini na nne,
nitauliza nami, si kwa sauti kubwa:
nani kaniachia vikombe viwili na kinywa kimoja?
Wewe nishike kiwiko.
Na wenzio wakijibu, jibu nao,
kwa nguvu, nisikie.

Jumatano kwangu kuna samaki, saa saba.
Lete viazi.
Manyoya yakidondoka ngazini yaache,
nitafagia wiki ijayo.